Unga mnaukamata, fedha zinapita: barua ya wazi kutoka Mwanza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania. Na Waheshimiwa Madiwani wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela.

YAH: HESABU YA DAWA ZA KULEVYA

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mtunza hesabu. Ofisi yangu ni chumba kimoja Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na wateja wangu ni wauza dagaa, wenye maduka ya nyavu, wenye gesti, na vikundi vya bodaboda vya kuweka na kukopa. Kazi yangu ni kuuliza shilingi imetoka wapi na imekwenda wapi. Nawaandikia kwa sababu katika vita dhidi ya dawa za kulevya swali hilo silisikii likiulizwa vya kutosha. Tunauliza mzigo ulikuwa kilo ngapi, nani aliubeba, alikamatiwa wapi. Kisha mtu anapelekwa mahakamani, mzigo unateketezwa, kesi inakwisha. Mimi nikifunga hesabu za mteja namna hiyo, nitafukuzwa kazi kabla ya saa sita mchana.

Sikusudii kubeza jitihada zenu. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, kiasi ambacho nchi hii haikuwahi kukiona kwa mara moja. Maofisa wanaofanya kazi hiyo wanahatarisha roho zao, na hilo hatulisemi vya kutosha. Ila unga ni nusu ya biashara. Nusu ya pili ni fedha. Fedha ikishaingia kwenye akaunti haina harufu, mbwa hawezi kuinusa, wala hamuwezi kuipanga mezani mbele ya waandishi wa habari ikaonekana ni kielelezo.

Nianze na bei. Kilo ya kokeini ikiwa bado Colombia, imeshapikwa na kufungwa, huuzwa kwa dola elfu moja na kitu, au elfu 2 hivi. Ikishavuka kuingia Marekani, bei ya jumla inapita dola 20,000. Ikigawanywa na kuuzwa gramu moja moja, kilo ileile inaweza kuzidi dola 100,000. Mkulima aliyechuma majani anabakiwa na kama senti moja katika kila dola anayolipa mtumiaji wa mwisho. Heroini inayotoka Afghanistan nayo hupanda bei kwa mtindo huohuo.

Nasi tunajua bei ya kitu inavyopanda safarini. Sangara akitoka Ukerewe hadi kufika sahani ya Mzungu, bei yake inakuwa imezaliana mara nyingi. Lakini kila hatua ya sangara ina risiti: barafu, mafuta ya boti, ushuru wa halmashauri, mishahara ya kiwandani, gari la baridi, ndege. Unga hauna gharama hizo. Hauozi, hautaki barafu, unaingia kwenye begi la mgongoni. Kama ungekuwa bidhaa ya halali, kuusafirisha kungegharimu kama kusafirisha kahawa. Sasa hizo dola zinazoongezeka njiani zinalipia nini? Zinalipia hofu. Hofu ya kufungwa, ya kudhulumiwa na mwenzako, ya kuuawa. Mchumi Peter Reuter na wenzake wamekuwa wakilieleza jambo hili tangu miaka ya 1980: katika dawa za kulevya, sehemu kubwa ya bei ni malipo ya hatari. Anayekubali kubeba hatari analipwa. Anayeweza kumtwisha mwingine hatari kwa bei ya chini anatajirika.

Hilo la mwisho ndilo linalonitoa usingizi, kwa sababu Mwanza watu wa kutwishwa hatari kwa bei ya chini tunao wa kutosha.

Kijana mmoja wa Igogo, ambaye sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, na anaendelea vizuri, alinieleza biashara yake ya zamani ilivyokwenda, kwa lugha ambayo mtu wa hesabu anaielewa mara moja. Kete, vile vifuko vidogo vya unga, alikuwa anachukua kwa mali kauli. Asubuhi anakabidhiwa, jioni anapeleka hesabu ya bosi, chake ni kinachobaki. Na kinachobaki mara nyingi alikivuta mwenyewe ili arosto, yale mateso ya kukosa dawa, isimuangushe. Akikimbizwa na polisi akazitupa kete mtaroni, deni liko palepale. Akikamatwa, deni linamngoja atoke, au linahamia kwa yule aliyemdhamini kwa bosi. Nikamuuliza, "Sasa bosi wako hasara anaipata lini?" Akacheka.

"Bosi hapati hasara, mzee wangu. Hasara ni sisi."

Naomba mlifikirie hilo kwa utulivu. Kete zinazokamatwa kijiweni hulipwa na aliyekamatwa nazo. Mwenye mali anabaki na dai lake mkononi. Polisi anapomkamata teja na kete tano, kisha akatoka baada ya muda, bosi amejipatia mdaiwa asiye na njia ya kulipa isipokuwa kuuza zaidi. Doria yetu imekuwa mkusanya madeni wa bure. Najua maneno haya ni makali na hayamlengi askari yeyote. Nalenga mfumo wa kuhesabu mafanikio kwa idadi ya vijana waliopakiwa kwenye karandinga.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2000 Steven Levitt na Sudhir Venkatesh walichapisha uchambuzi wa madaftari ya hesabu ya genge moja la Chicago lililokuwa likiuza kokeini ya kuvuta. Ndiyo, genge lilikuwa na madaftari, tena yaliyopangwa vizuri kuliko ya baadhi ya wateja wangu. Vijana waliosimama barabarani walikuwa wakipata kama dola 3 na senti 30 kwa saa, chini ya kima cha chini cha mshahara cha Marekani, na uwezekano wa kuuawa ulikaribia asilimia 7 kwa mwaka. Kiongozi wao alikuwa akiingiza maelfu ya dola kila mwezi. Kilichowafanya wabaki ni tamaa ya kupanda ngazi siku moja. Aliyekamatwa au kufa aliacha nafasi, na nafasi ilikuwa na foleni. Nendeni Mabatini au Mirongo saa nne asubuhi siku ya kazi mkaitazame foleni yetu ilivyo ndefu.

Kuna pia kosa la kihasibu katika matangazo ya ukamataji. Mzigo ukikamatwa baharini, vyombo vya habari hutupa thamani yake kwa bei ya mtaani, mabilioni kwa mabilioni. Kwa mwenye mzigo, hiyo siyo hasara yake. Jahazi linalotoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, likikamatwa karibu na maji yetu, mwenye mali amepoteza alicholipa kule pamoja na ujira wa mabaharia na pengine chombo chenyewe. Bei ya mtaani ya London hajaipoteza kwa sababu hakuwahi kuifikia. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi nje ya pwani ya Kenya. Dunia nzima ilitangaza. Njia ile haikufungwa, na ukamataji uliofuata miaka iliyofuata ni ushahidi kwamba mizigo iliendelea kuja. Kujaza pengo la mzigo kwenye chanzo ni rahisi. Kujaza pengo la nyumba sita na akaunti zilizotaifishwa ni kazi nyingine kabisa.

Watu huniuliza, sisi wa bara, wa ziwani, unga umetufikiaje wakati ulikuwa unakwenda Ulaya? Jibu lake nalo ni la kihesabu. Katika njia hii, msafirishaji na mtunza mzigo mara nyingi hulipwa sehemu ya ujira kwa mzigo wenyewe badala ya fedha. Akishapewa unga, lazima autafutie soko karibu na alipo. Soko lilianzia Zanzibar na Dar es Salaam, kisha likapanda basi. Aliye mwisho wa barabara anapata uliochanganywa zaidi, kwa bei isiyolingana na ubora, na akizoea hana pa kukimbilia. Sisemi Ziwa Victoria ni njia kuu ya heroini, siyo. Ziwa letu lina bangi na magendo yake ya siku nyingi. Heroini kwetu inakuja kwa barabara kama abiria mwingine yeyote, begi moja kati ya mabegi mia, na kwenye stendi za Nyegezi na Nyamhongolo hakuna anayeweza kufungua yote.

Na tukichoma mashamba je? Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni, malighafi ya heroini, Afghanistan. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ilipima mashamba mwaka uliofuata: kutoka hekta 233,000 yalikuwa yameshuka hadi 10,800. Mafanikio gani tena makubwa kuliko hayo? Lakini tazama upande wa fedha. Mapato ya wakulima yalianguka kutoka dola bilioni 1.36 hadi milioni 110. Bei ya afyuni ikapaa, na waliokuwa na akiba ghalani, yaani wafanyabiashara wakubwa, wakaona thamani ya mali yao ikiongezeka bila kunyanyua jembe. Mwaka huohuo wa 2023 Myanmar ikawa ndiyo inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa afyuni.

Nayasema haya nikiwafikiria jirani zetu wa Tarime. Tunapokwenda kufyeka bangi kule, aliyeharibikiwa ni mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mtu wa jembe la mkono mwenye watoto wa kulisha. Dalali aliyekwishanunua magunia yake na kuyaficha anatuombea dua tuendelee kufyeka, maana gunia lake linapanda bei. Sitetei kilimo cha bangi. Nauliza tu kama kwenye ile taarifa ya ekari zilizoteketezwa kuna mstari hata mmoja unaomtaja mnunuzi.

Sasa nije kwenye eneo ninalolifahamu kwa mikono yangu.

Kuna mtu aliwahi kuniletea hesabu za gesti nimtengenezee vitabu. Eneo sitalitaja. Daftari la wageni lilisema vyumba vinajaa, wikiendi na siku za kazi, masika na kiangazi, hakuna kitanda kinacholala kitupu. Gesti ya namna hiyo Mwanza ningependa kuiona, maana hata zilizo karibu na stendi hazijazi hivyo. Nikaomba bili za maji. Nikaomba risiti za sabuni na jina la anayefua mashuka. Chumba cha wageni kinakula maji na sabuni, hakuna namna ya kukwepa hilo. Bili ya maji ilikuwa ya familia moja ya watu wachache. Nilipokwenda kuangalia, mashuka kwenye vyumba vya nyuma bado yalikuwa na mikunjo ya dukani.

Halafu kuna kodi. Wateja wote nilionao, Mungu awabariki, huja wakinung'unika kwamba TRA inawanyonga, wakitaka mapato yao yaonekane madogo kadiri sheria inavyoruhusu na kidogo zaidi. Yule alitaka mapato yaonekane makubwa. Kodi alikuwa tayari kuilipa yote, kwa wakati, na furaha usoni. Mfanyabiashara anayefurahia kodi ana sababu: kwake kodi ndiyo bei ya kugeuza fedha isiyo na maelezo kuwa fedha yenye risiti. Akishalipa, anaweza kwenda benki kifua mbele, akakopa, akanunua kiwanja, akagombea hata uenyekiti wa kamati ya shule. Fedha zile huenda zilikuwa za unga, huenda za rushwa, huenda za ujangili. Njia ya kuzitakatisha ni ileile. Kazi ile niliikataa. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia utakatishaji wa fedha inatutaja sisi wahasibu, pamoja na madalali wa nyumba, mawakili na wafanyabiashara wa madini, kuwa tuna wajibu wa kutoa taarifa ya miamala ya mashaka. Nililofanya baada ya kukataa, sheria hiyohiyo hainiruhusu kulisimulia hapa.

Hasara ya mambo haya haiishii kwa mateja. Mama mwenye gesti ya halali, anayebadilisha mashuka kweli na kumlipa mfuaji kweli, hawezi kushindana na mtu asiyehitaji wageni. Yule anaweza kuweka chumba kwa bei ya kutupa, akanunua kiwanja cha pili Buswelu kwa bei ambayo mwalimu au nesi hawezi kuifikia hata akikopa hadi astaafu. Bei za viwanja zinapaa, sote tunasema mji unakua. Baadhi ya ukuaji huo ningependa kuona bili zake za maji.

Kwa wakubwa wa dunia mambo ni haya haya, isipokuwa gesti yao ni benki. Desemba 2012 HSBC ilikubali kulipa Marekani dola bilioni 1.9 baada ya kubainika kwamba fedha za magenge ya Mexico na Colombia zisizopungua dola milioni 881 zilipita humo. Kule Mexico watu walikuwa wakipeleka fedha taslimu kwenye matawi yake ndani ya maboksi yaliyotengenezwa kwa kipimo cha dirisha la keshia. Hakuna mkubwa wa benki aliyefungwa. Oktoba 2024 TD Bank nayo ilikiri makosa Marekani na kukubali kulipa takriban dola bilioni 3. Ofisi ile ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2011 kwamba katika fedha za uhalifu zinazotakatishwa duniani, zinazokamatwa hazifiki asilimia 1, na pengine ni asilimia 0.2 tu. Rudieni kuisoma namba hiyo. Katika kila shilingi 1,000, mhalifu anabaki na 998. Biashara gani ya halali Mwaloni ina usalama wa namna hiyo?

Kwetu, kijana wa Igogo anayebeba kifuko anakabiliwa na sheria inayoruhusu kifungo cha maisha kwa usafirishaji wa dawa za kulevya. Sina tatizo na ukali wa sheria. Nina tatizo na inapoangukia.

Waheshimiwa, nchi yetu ilikuwa kwenye orodha ya kijivu ya kikosi kazi cha kimataifa dhidi ya utakatishaji wa fedha, FATF, kuanzia Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Nawapongeza walioshughulika, maana kutolewa kule kulitaka sheria, kanuni, mafunzo na vikao visivyokwisha. Lakini orodha hizo hupima zaidi kilichopo kitaifa. Huku chini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kiwanja cha mamilioni bado kinauzwa kwa fedha taslimu iliyoletwa kwenye mfuko wa rambo. Zinahesabiwa mezani, mashahidi wanasaini, mwenyekiti anagonga muhuri na kuchukua chake, watu wanakunywa soda. Hakuna aliyeuliza kitu, na kwa kweli hakuna aliyelazimika kuuliza.

Mkiniambia haiwezekani kudhibiti, nitawakumbusha dhahabu. Miaka michache tu iliyopita dhahabu ya Geita na ya visiwani ilikuwa ikiuzwa gizani, mfukoni kwa mfukoni. Machi 2019 likafunguliwa soko la madini Geita, mengine yakafuata, na muuzaji akalazimika kupeleka mali mahali pamoja, ipimwe, iandikwe, ilipiwe. Watu walipiga kelele wiki mbili tatu, kisha wakazoea. Kilichowezekana kwa gramu ya dhahabu inayofichika kwenye soksi hakiwezi kushindikana kwa nyumba ya vyumba vinane ambayo haiwezi kukimbia.

Kwa hiyo ombi langu kwa Madiwani ni hili: wekeni utaratibu kwamba mauziano ya kiwanja au nyumba ndani ya Jiji na Ilemela, ya kuanzia kiwango mtakachoona kinafaa, yalipwe kupitia benki, na ofisi ya mtaa isigonge muhuri bila stakabadhi ya benki na namba ya NIDA ya mnunuzi halisi. Nasema halisi kwa sababu mashamba na magorofa mengi huandikwa jina la shemeji au mtoto wa miaka tisa. Tangu 2020 kampuni zinatakiwa kueleza BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, nani wanufaika wake wa kweli; halmashauri iulize swali hilohilo inapotoa kibali cha ujenzi na leseni ya gesti. Wala hamhitaji mpelelezi wa nje. Ofisa biashara akilinganisha daftari la wageni na bili ya maji, atajua ndani ya nusu saa.

Kwa Gavana, nazungumzia laini za uwakala wa fedha za simu. Vijana wetu wasio na kazi wanaombwa vitambulisho vyao kwa shilingi chache, laini inasajiliwa kwa majina yao, na fedha ambazo hawatazigusa maishani zinapita kwenye majina hayo vipande vipande. Siku ikilipuka, anayeitwa kituoni ni mwenye kitambulisho. Tena hatari imetwishwa wa chini. Naomba mawakala wetu wapewe mafunzo yanayoeleweka, kwa Kiswahili cha dukani, kuhusu muamala upi wa kutilia shaka na wa kuripoti wapi. Mabango yaliyopo yanawaonya zaidi wasitapeliwe wao.

Kamishna Jenerali, kwako nina ombi gumu kuliko yote: kila kesi ya usafirishaji iende na uchunguzi wa fedha tangu siku ya kwanza, si baada ya hukumu. Sheria ya mapato yatokanayo na uhalifu tunayo tangu 1991. Siku mtu anakamatwa, siku hiyohiyo iulizwe nani alilipa nauli yake, simu yake ilipokea fedha kutoka wapi, nani analipia wakili wake. Swali la wakili ni zuri sana. Punda, yaani mbebaji wa mzigo, aliyekamatwa akiwa na viatu vilivyotoboka, kisha akatetewa na mawakili wawili kutoka mji mwingine, tayari amekuonyesha mlango wa bosi. Wapelelezi wenu mkiwachanganya na wahasibu, hata wa mikataba ya muda, mtashangaa daftari linavyosema kuliko mtuhumiwa.

Na Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kuna upande wa mnunuzi, ambao watu wengi huuona ni huruma tu, mimi nauona ni biashara. Katika soko la heroini wachache wanaotumia kila siku ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mauzo. Mmoja wao akiingia kwenye methadoni na kudumu, bosi amepoteza mteja wa kila siku, na mara nyingi amepoteza muuzaji pia, maana teja ndiye huuza. Hakuna doria inayoweza kufanya hivyo. Tanzania ilianza tiba hii Muhimbili mwaka 2011, na hapa kwetu tuna kliniki Sekou Toure. Dawa inatolewa bure, lakini kwa kawaida mgonjwa anatakiwa kuifuata kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu. Vijana ninaowafahamu wanatoka Igoma na Buhongwa. Nauli ya kwenda na kurudi, kila siku, kwa mtu asiye na kazi, mwisho wa mwezi ni fedha nyingi kuliko kodi ya chumba. Akikosa nauli siku mbili, arosto inampeleka kijiweni, na kijiweni mali kauli ipo, hakuna anayeomba nauli. Vituo vidogo vya kunywea dawa kwenye vituo vya afya vya pembezoni, pamoja na utaratibu wa kuwapa dozi za kwenda nazo nyumbani wale waliotulia, vingemnyima bosi wateja kwa gharama ndogo kuliko kuendesha karandinga na kulisha mahabusu.

Kila Juni 26, Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, tunasomewa takwimu: kilo zilizokamatwa, ekari zilizofyekwa, watuhumiwa waliofikishwa mahakamani. Naomba taarifa ijayo iongezwe safu tatu. Moja, fedha na mali zilizozuiwa na zilizotaifishwa, mkoa kwa mkoa, kwa shilingi. Mbili, katika waliotiwa hatiani, wangapi walikuwa wabebaji na wauza kete, na wangapi walikuwa wenye mali. Tatu, wangapi wako kwenye tiba na wangapi wameacha kwa kukosa nauli. Safu zikija na sifuri, ziandikwe sifuri. Sisi wa hesabu sifuri haitutishi, inatuonyesha pa kuanzia.

Mkihitaji maelezo zaidi au mtu wa kuwasaidia kusoma daftari la gesti, ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtunza hesabu, Kirumba, Mwanza.